Ukiulizwa kama uko "unhappy"

Shule ya msingi tulifundishwa Kiingereza kwa maneno ya kinyume. Mwalimu anaandika neno upande wa kushoto wa ubao, sisi tunapaza sauti kulitaja la upande wa kulia: tall, short, rich, poor, happy, unhappy. Hili la mwisho halikutupa shida hata kidogo. Ukibandika "un" mbele ya furaha unapata huzuni, twende neno lingine. Niliishi na maana hiyo mpaka nilipohamia kaskazini mwa Uingereza na kuingia kazi ya ukalimani. Leo naweza kusema kwamba katika maneno yote ya hospitali, yakiwemo majina ya dawa na yale ya sehemu za mwili ambazo watu huona haya kuzitaja, hakuna lililowahi kunikwamisha kama hilo.

Wateja wangu wengi ni Wakongo wa mashariki: Fizi, Uvira, Bukavu, Goma. Kati ya mwaka 2004 na 2020 Uingereza ilikuwa na mpango ulioitwa Gateway, wa kuwapokea wakimbizi moja kwa moja kutoka nchi walizokuwa wamekimbilia, na Wakongo wengi waliletwa kwa njia hiyo na kupelekwa kwenye miji kama Sheffield, Hull na Bolton. Kiswahili chao si changu. Mimi ni mtu wa Muheza, Tanzania. Nasema "vizuri", wao "muzuri". Nasema "nina mawazo mengi", wao "niko na mawazo mingi". Tunaelewana, lakini masikio hayapumziki.

Mzee mmoja alikuja kwenye ofisi ya ushauri na barua ya serikali iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa koti. Posho yake ilikuwa imekatwa. Mjukuu wake wa shule ya msingi alikuwa ameshamsomea barua nyumbani. "Binti," akaniambia kabla mshauri hajaketi, "hawa watu ni wa ajabu. Wanakata pesa, halafu wanauliza kama niko na huzuni." Akaifungua barua na kuweka kidole kwenye mstari wenyewe: "If you are unhappy with this decision". Mjukuu alikuwa ametafsiri kama tulivyofundishwa sisi. Na mzee alikuwa na jibu tayari: hana huzuni, ameona makubwa kuliko hayo, Mungu yupo. Barua akairudisha mfukoni, akaendelea na maisha. Aliyemleta ofisini ni jirani.

Mshauri alimweleza, kupitia kwangu, kwamba sentensi ile maana yake ni "kama hujaridhika na uamuzi huu", na kwamba ana mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Mzee akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa kwa nini hawakusema hivyo?"

Mshauri hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Tangu siku ile nilianza kulifuatilia neno hili popote linapotokea, na nikagundua kwamba siri yake imejificha kwenye kijineno kinacholifuata. Likifuatwa na "with" au "about", huzuni haihusiki: mtu analalamika. Barua za benki, za shule, za baraza la mji, zote zina mstari huo karibu na mwisho, na zote zinakuambia pa kupeleka lawama zako. Sisi tungesema hujaridhika, hukupendezwa, umekwazika. Bosi wa Kiingereza naye akikuambia kwa sauti ya upole kwamba "I'm not very happy about this", usidhani anatafuta wa kumfariji. Amekasirika, na kwa kawaida amekasirika sana, ila adabu ya kwao inamtaka ashushe neno ngazi tatu kabla ya kulitoa mdomoni. Nimewahi kukalimani kikao cha kazini ambapo msimamizi alitumia maneno hayo mara kadhaa. Nikayasema kama yalivyo, kwa upole uleule, na mfanyakazi akatoka akiamini mambo yameisha salama. Barua ya onyo ilimfuata nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kutoa maneno na sauti yake, niliyatoa yote mawili, na hasira ikapotelea njiani.

Wapenzi wa mpira wameshalizoea bila kujua. Kurasa zetu za michezo zimelichukua neno hili kutoka magazeti ya Uingereza na kuligeuza "hana furaha", na kila msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anajua kwamba mchezaji "asiye na furaha" klabuni anataka kuuzwa au kuongezwa mshahara. Septemba 2012 Cristiano Ronaldo alipoifungia Real Madrid mabao mawili dhidi ya Granada bila kushangilia, kisha akasema ana huzuni kwa mambo ya kikazi, dunia nzima ilianza kukisia mkataba wake. Hakuna aliyefikiria kumpelekea pole.

Kamusi nazo zina lao. "Happy" limetokana na "hap", neno la kale lililoingia Kiingereza kutoka lugha za watu wa Skandinavia, na maana yake ilikuwa bahati. "Perhaps" na "happen" ni ndugu zake. Kwa hiyo "unhappy" mwanzoni alikuwa mtu mwenye mkosi, mwenye nuksi, na maana ya moyo kuwa mzito ilikuja baadaye. Nilipolisoma hilo nilicheka, maana akina mama ninaowakalimania mara nyingi huniambia jambo lilelile: "Ni bahati yangu tu, dada." Nesi akisikia hivyo hudhani wamekwepa swali.

Na akina mama ndio hasa nataka kuwazungumzia.

Mama akijifungua Uingereza hufuatwa nyumbani na nesi wa watoto, ambaye Waingereza humwita health visitor. Anampima mtoto uzito, anajaza kitabu chekundu cha kliniki, anauliza habari za kunyonyesha. Na mara nyingi, mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, anatoa fomu yenye maswali 10. Inaitwa Edinburgh Postnatal Depression Scale. Ilichapishwa mwaka 1987 na daktari wa akili John Cox na wenzake, baada ya kuijaribu kwa akina mama wa Edinburgh na mji jirani wa Livingston, huko Uskoti. Kila swali lina majibu manne yenye alama sifuri hadi tatu, jumla 30, na mama anaulizwa alivyojisikia katika siku saba zilizopita. Wengi huanza kushtuka alama zikifika 13, wengine hata 10. Fomu haitoi hukumu ya ugonjwa. Inamwambia nesi wapi aongeze maswali. Ni chombo kizuri, nimekiona kikiokoa watu.

Ila kiliandikwa kwa Kiingereza cha Waskoti wa miaka ya themanini. Swali la 6 linasema mambo "yamekuwa yakinipanda juu", ukilifuata neno kwa neno. Hilo ni rahisi, unasema "mambo yamenielemea" na kila mtu anatikisa kichwa. Shida ni la 7 na la 9, na yote mawili yamebeba "unhappy": nimekuwa unhappy kiasi cha kushindwa kulala, nimekuwa unhappy kiasi cha kulia. Katikati yao, la 8, kuna "sad or miserable". Yaani fomu yenyewe imeshatenga: sad ni kitu kimoja, unhappy ni kingine. Mkalimani aliyekwisha kutumia "huzuni" kwa swali moja anabaki mikono mitupu kwa jingine.

Nieleze siku moja tu, nikiwa nimebadilisha mambo ya kutosha ili mhusika asitambulike. Sebule ndogo, suruali za mtoto zimeanikwa juu ya hita. Kiti kizima kimoja amekalia mama, nesi amepiga magoti kwenye zulia na fomu juu ya paja, mimi nimekaa ukingo wa meza. Mtoto ananyonya. Tumefika la 7. Nesi anasoma, nami nasema: "Nimekosa furaha kiasi kwamba nimeshindwa kulala." Mkalimani huongea kwa nafsi ya msemaji, kwa hiyo nikisema "nimekosa" si mimi niliyekosa, ni fomu.

"Kulala silale," mama akajibu. "Mutoto ananyonya usiku yote."

Nesi akafafanua kwamba anauliza ile hali ya kukosa usingizi kwa sababu ya kuwa unhappy, hata mtoto akiwa amelala. Nikalisema hilo. Mama akanitazama kana kwamba nimemtukania dini. "Furaha ninayo, dada. Mungu amenipa mutoto muzima. Nikikosa furaha nitakuwa mutu wa namna gani?"

Majibu yote mawili ni ya kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali. Nesi akaweka alama ya vema penye "hapana kabisa".

Hapo nilielewa kwamba "furaha" haifai kabisa kwa mzazi. Kwetu furaha ya mtoto ni shukrani. Watu wamekuja kukupongeza, wameleta kanga na uji, wamesema "hongera", wewe useme huna furaha? Ni kukufuru. Halafu kuna kichekesho kidogo: Furaha ni jina la mtu, na eneo la Kivu, huko mashariki mwa Kongo, limejaa akina Furaha. Jaribu kumwuliza Mama Furaha kama amekosa furaha, uone sura atakayokupa.

"Huzuni" nayo ina mlango wake. Ukimwuliza mtu kama ana huzuni, anatafuta msiba. "Nani amekufa?" aliniuliza mama mmoja, na mkono ukaenda kwenye simu, akidhani nesi amepokea taarifa kabla yake. Kwake huzuni haiji bila sababu inayotajika. Simanzi, majonzi, kihoro, jitimai, hazina yetu ni kubwa kweli, lakini karibu yote hiyo inakaa matangani au kwenye mashairi. "Sonona" ndilo neno la wataalamu, linaandikwa kwenye vipeperushi vya hospitali za nyumbani, nami nalipenda kwa sauti yake. Kwa mama wa Fizi halisemi kitu. Nimelijaribu, wananiuliza ni ugonjwa wa nini.

Mimi mwenyewe nimeijaza fomu ile, baada ya mtoto wangu wa kwanza. Kwa Kiingereza, bila mkalimani, maana nani amletee mkalimani mkalimani? Mtoto alizaliwa Novemba. Ninakotoka mzazi ana arobaini yake: siku 40 unakandwa maji ya moto, unapikiwa, na hasa huachwi peke yako. Mama mkubwa anaweza kukukera mpaka ukatamani aondoke, lakini yupo. Mimi nilikuwa na mume anayetoka saa 11 alfajiri na kurudi giza limeshaingia, na dirisha linaloonyesha ukuta wa jirani. Nilipofika swali la 7 kalamu ikasimama. Huzuni sikuwa nayo. Malalamiko sikuwa nayo, mume alikuwa mwema na nesi alikuwa mwema. Lakini nilikuwa nikisimama kwenye sinki nikiosha kikombe kimoja kwa muda mrefu kupita kiasi, na machozi yanatoka yenyewe, kama pua inavyochuruzika kwa baridi.

Nikamwambia nesi ukweli: silijui neno hili lina maana gani hapa. Yule mama, mtu mzima aliyekuwa anakaribia kustaafu, akasema niliache neno, nimwambie siku yangu ilivyo kuanzia asubuhi. Nikamwambia. Sinki, dirisha, ukuta. Akaandika kwa muda. Ndipo likanijia neno ambalo sikuwa nimelitumia tangu nilipokuwa msichana: ukiwa. Nyumba iliyohamwa huwa na ukiwa. Mtoto aliyefiwa na wazazi wote hubaki mkiwa. Na mzazi asiye na mtu wa kumkanda naye anao, hata kama hakuna aliyekufa wala aliyemkosea. Nesi alinitafutia kikundi cha akina mama kilichokutana kwenye ukumbi wa kanisa, chai na biskuti, na kwa wiki chache alipita hata siku zisizo zake. Sikupewa dawa. Wengine huzihitaji na zinawasaidia. Mimi nilihitaji watu.

Niliporudi kazini sikulibeba neno "ukiwa" kulipeleka kila nyumba. Wakongo wengi nao halipo vinywani mwao. Nilichobeba ni ule utaratibu wa yule nesi. Fomu yenyewe siruhusiwi kuigeuza, na sipendi mkalimani anayejifanya daktari. Lakini kanuni zetu zinaniruhusu kutoka kwenye nafsi ya msemaji na kusema, kwa lugha zote mbili ili asiachwe mtu nje: "Mkalimani anaomba kufafanua. Neno hili kwa Kiswahili linagawanyika; je, unauliza kuhusu kutoridhika, au moyo kuwa mzito bila sababu?" Nesi mzuri anashukuru na kuuliza upya kwa maneno yake. Mara nyingi anaishia kwenye swali ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza: usiku mtoto akishalala, wewe unafanya nini?

Na jibu linalokuja, la mama wa Kongo, wa Kigoma, hata wa Mombasa, ni lilelile. "Niko na mawazo mingi, mama. Usiku ndiyo inakuya."

Mawazo. Neno hilo, ukilisema kwa Kiingereza bila uangalifu, ni bomu. Nilishuhudia likilipuka nikiwa nimekaa upande wa mgonjwa, nimemsindikiza wifi yangu, na mkalimani ni sauti ya mwanamume kwenye spika ya simu. Wifi akasema ana mawazo. Sauti ikasema: "She has thoughts." Daktari akaacha kuandika. Kwa mtu wa afya ya akili, mgonjwa mwenye "thoughts" ni mgonjwa anayefikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto, au anayesikia visivyokuwepo. Maswali yakabadilika ghafla: umewahi kupanga? Kuna mtu mwingine nyumbani? Mtoto yuko wapi sasa hivi? Wifi akawa anageuka kunitazama mimi, midomo inamtetemeka, haelewi kodi ya nyumba na mwanawe aliyebaki Dodoma vimegeukaje kuwa kesi ya mauaji. Ilichukua sehemu kubwa ya muda uliobaki kurudisha mazungumzo mahali pake, na aliyerudisha ni mimi, nisiye na ruhusa ya kusema kitu mle ndani.

Kwa hiyo "nina mawazo" mimi silitoi kama "thoughts". Nasema ana mambo mengi yanayomzunguka kichwani na hayamwachi, kisha naomba kufafanua kwamba Waswahili wengi husema hivyo mtu anapokuwa na moyo mzito, na kwamba ndilo jibu lililo karibu zaidi na lile swali la 7. Nesi akionekana kutilia shaka, namtajia Zimbabwe. Washona wana neno "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi, na tangu 2013 limo kwenye DSM-5, kitabu wanachotumia madaktari wa akili wa Marekani, katika orodha ya namna jamii mbalimbali zinavyoelezea mateso ya moyo. Harare, kuanzia 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuongea nao kwa kutumia neno hilohilo, na utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha watu 573 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi hawakuanza kwa kumwuliza mtu kama yuko "depressed". Ukimweleza nesi hivyo, anaacha kudhani mama anapiga chenga, maana anachosema mama kina jina na kimeandikwa.

Kuna jambo jingine linalofanya majibu yawe "hapana, hapana, hapana", nalo halina uhusiano wowote na kamusi. Akina mama wanaogopa kunyang'anywa watoto. Habari hizo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp na huongezwa chumvi kila zinapopita mkononi. Mama akiona mtu wa serikali ana fomu na kalamu, na swali la 10 linauliza kama amewahi kufikiria kujidhuru, jibu analotoa ni la kulinda familia yake. Manesi ninaowaheshimu huanza na hilo kabla hata ya kufungua fomu: sijaja kuchukua mtoto, nimekuja kujua wewe mama unaendeleaje. Wanaosoma maswali kumi mfululizo kwa dakika tatu hupata sifuri kumi, wanaondoka wameridhika. Na kwa swali la 10 lenyewe mimi sizunguki. Nauliza kwa maneno ya wazi, kwa sauti ileile niliyoulizia kuhusu maziwa, na jibu lolote lisilo "hapana" nalitoa lilivyo papo hapo, kwa sababu lazima lifuatiliwe siku hiyohiyo.

Kuhusu swali la 9, lile la unhappy mpaka kulia, sijaafikiana mpaka leo na mwenzangu wa Bukavu, mkalimani hodari kuliko mimi. Yeye anasema "roho ilikuuma mpaka ukalia". Kwa Wakongo linaingia kama ufunguo. Lakini ukimwambia Mtanzania kwamba roho inamuuma, amesikia kwamba ana wivu, ameona jirani kanunua gari. Mimi nilipendekeza "uchungu". Mwenzangu alicheka mpaka akaweka simu chini: unamwuliza mtu aliyejifungua wiki sita zilizopita kama amepata uchungu mpaka akalia? Bila shaka amepata, na watu wa wodi nzima walimsikia.

Tukabaki na njia moja isiyopendwa na kampuni zinazotupigia simu, kwa sababu inakula dakika. Kabla fomu haijaanza namwuliza mama ametokea wapi, na kwao mtu mwenye moyo mzito husemaje. Wengine hujibu mara moja, wengine hucheka kwanza, na mama mmoja alinitajia neno la Kibembe ambalo nililiandika kwenye kiganja nisije nikalisahau. Upande wa pili nesi anasikia Kiswahili kinarefuka na anauliza tunaongea nini. Namjibu kwamba mkalimani anatafuta neno la swali la 7 na la 9. Baadhi yao husema sawa, chukueni muda wenu. Baadhi husema wana dakika kumi zimebaki na nyumba nyingine tatu za kutembelea, na hao nawaelewa pia.